Kuvimbiwa, kiungulia na gesi: namna ya kurekebisha mlo bila kuunyima mwili virutubisho

Mtu akianza kusumbuliwa na tumbo, ushauri humjia kutoka kila upande. Jirani atamwambia aache maharage. Shangazi atasema ni ndimu na pilipili. Kazini wataapa kuwa ni maziwa, na kwenye simu atatumiwa orodha ndefu ya vyakula vya kuepuka. Anaviacha kimoja baada ya kingine, na baada ya miezi miwili sahani yake imebaki ugali au wali mweupe na mchuzi mwepesi. Tumbo bado linamsumbua, na sasa akipanda ngazi anahema kwa sababu damu imepungua.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu huyo. Ninachosisitiza ni kwamba kabla ya kukilaumu chakula chenyewe, angalia kwanza kiasi unachokula, saa unayokula, mafuta, mwendo wa kula na dawa unazomeza. Ukishayarekebisha hayo ndipo ujaribu kuacha chakula fulani, kimoja kwa wakati, kwa muda maalumu, na ukikuta hakina kosa ukirudishe mezani.

Hatua ya 1: Hakikisha si jambo la kukimbilia hospitali

Usianze na mlo ikiwa unatapika damu au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, unapata choo cheusi kinachonata kama lami, chakula kinakwama ukimeza, unapungua uzito bila kukusudia, unatapika mfululizo, au umeambiwa una upungufu wa damu usiojulikana chanzo. Hali kadhalika kama kuvimbiwa au kiungulia kimekuanza ghafla ukiwa umeshavuka miaka 55, au kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua saratani ya tumbo. Hayo yanahitaji daktari, na huenda akataka upimwe kwa kamera.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulipuuza. Maumivu ya kubana kifuani yanayosambaa hadi taya, bega au mkono wa kushoto, yakiambatana na jasho jembamba na kukosa pumzi, yanaweza kuwa ya moyo hata kama unahisi kama kiungulia. Usimeze dawa ya tumbo ukasubiri kupambazuke. Tafuta usafiri saa hiyo hiyo.

Na kwa aliyezoea chai inayochoma ulimi: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya moto sana, vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Mimina chai, iache ipoe dakika chache, kisha unywe. Ladha haipungui.

Hatua ya 2: Jua ni tatizo gani hasa

Watu husema "tumbo linanisumbua" wakiwa na maana tofauti kabisa, na kila maana ina tiba yake.

Kuvimbiwa ni ile hali ya kujaa haraka, uzito na maumivu kwenye chembe cha moyo, kucheua, na wakati mwingine kichefuchefu baada ya kula. Mahali pake ni tumboni kwenyewe, chini tu ya mbavu.

Kiungulia ni moto unaopanda kutoka chembe cha moyo kuelekea kooni, pengine na maji machungu au machachu mdomoni. Hii ni asidi ya tumbo inayorudi kwenye umio. Mwisho wa umio kuna msuli unaopaswa kujifunga chakula kikishapita. Ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, asidi hupanda.

Gesi ya chini, tumbo kuunguruma na kuvimba chini ya kitovu saa kadhaa baada ya kula ni kazi ya utumbo mpana. Bakteria wanaoishi huko hula mabaki ya chakula ambayo utumbo mwembamba haukuweza kuyasaga, nao hutoa gesi. Hapa ndipo maharage, kabichi na maziwa huingia.

Mtu mmoja anaweza kuwa na zote tatu. Lakini ukiacha maharage kwa sababu ya kiungulia cha usiku, huenda umeacha kitu kisichohusika hata kidogo.

Hatua ya 3: Andika kwa wiki mbili bila kubadilisha chochote

Chukua daftari dogo. Usianze kujinyima, kula kama kawaida yako, ila andika. Kila mlo uwe na saa, chakula, kiasi, ulikula kwa haraka au taratibu, ulilala saa ngapi, dawa ulizomeza, na dalili ilianza saa ngapi. Mstari mmoja unatosha, mathalani:

*Jumanne. Saa 3:15 usiku. Wali nazi na maharage, sahani mbili, samaki wa kukaanga, soda baridi. Nimekula huku naangalia mpira. Kulala saa 4. Saa 6 usiku kiungulia, nimeamka kukaa.*

*Jumatano. Saa 7 mchana. Wali maharage sahani moja, maji. Hakuna tatizo.*

Soma tena mistari hiyo miwili. Maharage yapo siku zote mbili. Kilichotofautiana ni saa, idadi ya sahani, samaki wa mafuta, soda na kulala mapema baada ya kula. Kumbukumbu ya kichwani ingesema "nilikula maharage nikaumwa", nayo ingekupotosha.

Kina mama, ongezeni siku za hedhi kwenye daftari. Wengi hujaa tumbo siku chache kabla ya hedhi kwa sababu ya homoni, na chakula hubebeshwa lawama isiyo yake. Mjamzito naye hupata kiungulia kwa sababu homoni ya projesteroni hulegeza ule msuli wa umio, kisha mtoto akikua hulibana tumbo kutoka chini.

Hatua ya 4: Kagua dawa unazomeza

Hatua hii hurukwa sana, na mimi naiona ni muhimu kuliko nusu ya orodha za vyakula zinazosambazwa mitandaoni.

Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza ule ute unaokinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Mwenye mgongo anayemeza diklofenaki kila siku ya kazi, mara nyingine na chai ya rangi tu asubuhi, anaweza kupata vidonda vya tumbo hata kama anakula vizuri kuliko mtaa mzima. Kuimeza baada ya kula hupunguza kero kidogo lakini hakuondoi hatari, kwa kuwa dawa hiyo hufanya kazi yake kupitia damu pia. Muulize mhudumu wa afya kama paracetamol inaweza kukutosha. Lakini kama aspirini ulipewa kwa ajili ya moyo, usiiache bila kuzungumza na daktari.

Vidonge vya madini ya chuma husababisha kichefuchefu, choo kigumu na choo cheusi. Weusi huo hauna tabu, tofauti na ule unaonata na kunuka vibaya niliousema hapo juu. Metformin ya kisukari hukera tumbo ikimezwa bila chakula. Antibayotiki ya doxycycline ikimezwa kwa maji kidogo kisha mtu akalala huweza kukwama njiani na kuunguza umio, kwa hiyo imeze kwa bilauri nzima ya maji na ukae wima angalau nusu saa.

Hatua ya 5: Rekebisha kiasi, saa, mafuta na mwendo

Fanya haya kwa wiki mbili zinazofuata bila kuondoa chakula chochote kwenye orodha yako.

*Gawa mlo mkubwa.* Kwa watu wengi wa mjini siku inakwenda hivi: asubuhi chai na andazi mbio mbio, mchana chochote au hakuna, halafu usiku ndiyo karamu. Tumbo linapokea kwa mkupuo mmoja kile lilichopaswa kukipokea mara tatu. Likitanuka hivyo ule msuli wa umio hulegea, na kuvimbiwa na kiungulia huja pamoja. Hamisha robo ya chakula cha usiku iende mchana. Kama huna nafasi ya kula mchana, beba kiporo cha viazi vitamu, yai la kuchemsha au ndizi na karanga. Usiku pakua sahani moja, kisha ondoa sufuria mezani. Ukibaki na njaa baada ya dakika 20, ongeza kidogo.

*Malizeni kula mapema.* Acha saa 3 kati ya mlo wa mwisho na kulala. Mlo wa kawaida wenye wanga, protini na mafuta kiasi huchukua saa 2 hadi 4 kutoka tumboni kuingia utumbo mwembamba, na wenye mafuta mengi huchukua zaidi. Ukirudi kutoka kazini saa 2 usiku huku foleni imekumaliza, na kesho unaamka saa 10 alfajiri, saa 3 hizo hazipatikani. Basi geuza: kula chakula kizito mchana au saa 11 jioni hukohuko uliko, na ukifika nyumbani unywe uji au ule chakula chepesi. Kisha lala kwa ubavu wa kushoto, kwa kuwa ukilala hivyo tumbo hukaa chini ya mdomo wa umio na asidi haipandi kirahisi. Kwa mwenye kiungulia kikali cha usiku, inua miguu ya kitanda ya upande wa kichwani kwa tofali au kipande cha mbao, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii sana, maana mwili hukunjika kiunoni na tumbo likabanwa.

*Punguza mafuta ya usiku.* Mafuta yakifika utumbo mwembamba, mwili hutoa homoni inayoliambia tumbo lipunguze mwendo ili nyongo na kongosho zipate nafasi ya kuyashughulikia. Ndiyo maana chipsi mayai za saa 4 usiku hukaa tumboni kama jiwe, na ugali kwa mchicha haukai hivyo. Sisemi uache. Angalia tu yanakoingilia: kijiko cha kupakulia kikizamishwa kwenye dumu mara tatu kwa mchuzi wa watu wanne, samaki aliyekaangwa kisha akaungwa tena kwa mafuta, tui la kwanza lote ndani ya wali. Pima mafuta kwa kijiko cha chakula, kimoja kwa kila mlaji kwa mlo mzima. Kitunguu kinaiva vizuri kwa mafuta kidogo ukiongeza maji matone matone. Tui zito liweke mwishoni na kiasi, tui jepesi lipikie.

*Tafuna.* Kula haraka humeza hewa, na ndiyo unayocheua baadaye. Soda na bia huongeza gesi juu ya hiyo. Bia na nyama choma usiku ni mzigo mara mbili, kwa sababu pombe hulegeza msuli wa umio na mafuta ya nyama huchelewesha tumbo kumwaga. Sigara nayo hulegeza msuli huo huo.

*Ramadhani ina mpangilio wake.* Malalamiko mengi ya kiungulia cha mwezi huo hutokana na futari inayoliwa yote ndani ya robo saa: tende, uji, kachori, sambusa, mihogo ya nazi, magimbi, mbaazi, kisha juisi ya baridi juu yake. Fungua kwa tende na maji au uji usio na sukari nyingi. Nenda kaswali Magharibi. Ukirudi, kula sahani moja yenye kitu cha wanga, mbaazi au samaki, na mboga. Vya kukaanga chagua kimoja kwa jioni. Chakula cha mwisho kabla ya kulala kiwe chepesi, na maji uyanywe kidogo kidogo hadi daku badala ya jagi zima kwa mara moja. Daku ukiila karibu na Alfajiri usirudi kulala papo hapo. Mwenye vidonda vya tumbo vinavyotibiwa azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu saa za dawa zinaweza kupangwa upya.

Kwa wengi wenye uzito uliozidi, hasa kitambi, kupungua kilo chache hupunguza kiungulia waziwazi. Mkanda uliobana na mkaja uliokazwa sana vilegeze wakati wa kula.

Hatua ya 6: Pika maharage upya kabla ya kuyafukuza

Nakaa hapa kwa sababu maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu ndizo protini za nyumba nyingi zisizomudu nyama kila siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina protini ya gramu 15 hivi na makapimlo (nyuzinyuzi) zaidi ya gramu 10, pamoja na madini ya chuma, magnesiamu na folati. Kuyaacha bila kitu cha kuziba pengo ni hasara kubwa.

Gesi ya maharage inatokana na aina za sukari, rafinosi na stakiosi, ambazo sisi binadamu hatuna kimeng'enyo cha kuzivunja. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima na bakteria wanazifurahia. Habari njema ni kwamba sehemu yake huyeyuka kwenye maji.

Chambua, osha, kisha loweka kwa maji mengi, mara tatu ya ujazo wa maharage, usiku kucha au saa 8 hadi 12. Kukiwa na joto la pwani, badilisha maji mara moja katikati ili yasichache. Asubuhi utaona povu dogo juu na maharage yamenenepa, ganda halina mikunjo tena. Mwaga maji hayo yote, suuza, weka maji mapya. Chemsha kwa moto mkali yatokote vizuri dakika 10, hasa maharage mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui. Maharage mekundu yasiyoiva hutapisha watu. Mwaga na maji haya ukipenda, ongeza mengine ya moto, na sasa punguza moto yaive hadi ukilibonyeza moja kati ya vidole viwili lisagike bila kiini kigumu. Kiini hicho kigumu ndicho kinachosumbua wengi. Kuloweka kunakuokolea mkaa pia.

Magadi sipendekezi. Ni kweli huyalainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1, huongeza sodiamu ambayo mwenye presha haitaki, na magadi yanayotoka ziwani katika Bonde la Ufa mara nyingi huwa na floraidi nyingi. Kwa Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya sehemu nyingi tayari yana floraidi inayoharibu meno ya watoto, ni kuongeza tatizo. Tangawizi, bizari nyembamba au giligilani kwenye mchuzi ni salama zaidi na wengi hupata nafuu nazo.

Kisha anza kidogo. Vijiko vitatu vya maharage kwa mlo, mara tatu kwa wiki. Ongeza kila wiki. Bakteria wa utumbo hubadilika taratibu kwa anayekula mara kwa mara, na gesi hupungua baada ya wiki chache. Choroko na dengu zilizokobolewa huwa nyepesi kuliko maharage makubwa, zianze hizo.

Hatua ya 7: Jaribu chakula kimoja kimoja

Ikiwa hatua ya 5 na ya 6 zimekupunguzia nusu tu ya tatizo, sasa tafuta chakula kinachokusumbua wewe. Chagua kimoja ambacho daftari linakinyooshea kidole. Kiache kabisa kwa wiki mbili. Kama hakuna mabadiliko, kirudishe. Kama kuna nafuu, kirudishe hata hivyo kwa siku tatu, kidogo siku ya kwanza na kawaida siku ya tatu, uone kama dalili zinarudi. Bila kukirudisha huwezi kujua kama nafuu ilikuwa ya chakula au ya wiki iliyokuwa na usingizi mzuri.

Maziwa yanastahili kujaribiwa mapema. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kusaga laktosi, sukari ya maziwa, baada ya utoto. Wengine hawaupotezi: mwaka 2007 mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba jamii nyingi za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan zina mabadiliko ya vinasaba, tofauti na ya Wazungu, yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani bila tabu. Kwa hiyo bilauri inayomfaa mtoto wa wafugaji inaweza kumharisha mwenzake wa bweni moja. Ukiwa wa kundi la pili usiyaache yote. Jaribu maziwa mgando, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi, au kikombe kidogo pamoja na chakula. Na kwa wanaokunywa maziwa ili kutuliza vidonda: hutuliza kwa dakika chache tu, kisha protini na kalsiamu yake hulichochea tumbo kutoa asidi tena.

Ngano na vitunguu vina fruktani, ambayo nayo hufika utumbo mpana bila kusagwa. Anayejaa tumbo kwa chapati lakini hasumbuliwi na wali au ugali, hapo ndipo pa kuangalia. Jaribu wiki mbili za mahindi, mtama, ulezi na mchele, na kitunguu ukikaange kizima kwenye mafuta kitoe harufu kisha ukitoe.

Pilipili haisababishi vidonda vya tumbo. Inaweza kuchoma kwa aliye na kuvimbiwa au kiungulia tayari, basi apunguze. Kahawa, chai nzito, chokoleti, nyanya nyingi, ndimu na machungwa huwachoma baadhi ya watu na wengine haviwafanyi kitu. Hakuna sababu ya kumkataza chungwa mtu ambaye daftari lake halina malalamiko ya chungwa.

Kuna mlo uitwao FODMAP, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, unaoondoa kwa mpigo sukari hizi zote zinazochacha. Husaidia wenye utumbo msumbufu, lakini ule wa kuondoa kila kitu ni wa wiki chache tu, kisha vyakula hurudishwa kwa mpangilio. Ukitaka kuufuata tafuta mtaalamu wa lishe.

Hatua ya 8: Ziba pengo la kila ulichoondoa

Kila chakula unachokiacha kiwe na mrithi ulioandikwa kwenye daftari hilo hilo.

Ukiacha maziwa, dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yake watakupa kalsiamu, na mboga za majani zitaongezea. Ukipunguza maharage, weka mayai, samaki, karanga. Ukiacha machungwa kwa sababu ya uchachu, kula mapera na papai. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na vitamini hiyo ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mchicha, matembele na kunde.

Chai ya rangi au ya maziwa pamoja na chakula huzuia madini hayo. Sogeza chai saa moja mbele au nyuma ya mlo, hasa kwa mjamzito, msichana anayepata hedhi na mtoto. Udongo wa kula, ambao wajawazito wengi huutamani, huzuia chuma na kufunga choo, na hamu hiyo yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu. Mwambie mkunga.

Anayetumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa miezi mingi ajue kwamba asidi ikipungua kwa muda mrefu, ufyonzaji wa vitamini B12 na chuma hupungua, na magnesiamu pia inaweza kushuka. Dawa hii humezwa nusu saa kabla ya kula. Wengi huimeza wakishaanza kuumwa usiku, tumbo limejaa, halafu husema haifanyi kazi. Ukiwa umeitumia muda mrefu usiikate siku moja, kwa sababu tumbo hutoa asidi nyingi kuliko mwanzo kwa muda, ukadhani ugonjwa umerudi. Punguza kwa kufuata maelekezo ya daktari.

Makapimlo nayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 25 kwa siku, na matunda na mboga gramu 400. Aliyezoea sembe na mkate mweupe asirukie huko kwa siku moja, atajaa gesi. Changanya dona na sembe nusu kwa nusu kwanza, ongeza fungu moja la mboga, kunywa maji ya kutosha, na upandishe kwa wiki tatu hivi.

Hatua ya 9: Ikiwa bado, pimwa H. pylori

Ukishafanya haya kwa wiki sita hadi nane na chembe cha moyo bado kinauma, nenda ukapime bakteria wa H. pylori. Ndiye aliyetambuliwa na madaktari Robin Warren na Barry Marshall huko Perth, Australia, mwaka 1982, wakati wataalamu wengi waliamini vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo na asidi. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe na akapata mchomo wa ukuta wa tumbo, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Afrika watu wengi humpata utotoni, na wengi wao hawaoni dalili yoyote. Hakuna juisi ya kabichi, asali wala unga wa majani unaoweza kumwondoa peke yake. Dawa zake ni antibayotiki mbili au zaidi pamoja na ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14, na ukiacha siku ya tano kwa kuwa umepata nafuu unawaacha hai bakteria walio sugu.

Chagua kipimo cha choo au cha pumzi. Kile cha damu kinaangalia kingamwili, na kingamwili zinaweza kubaki miezi au miaka baada ya bakteria kuisha, kwa hiyo hakifai kuonyesha kama umepona. Kabla ya kipimo cha choo au pumzi, omeprazole na dawa za jamii yake ziwe zimesimamishwa wiki 2, na antibayotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kusema huna kumbe unaye. Zungumza na daktari kabla ya kusimamisha. Baada ya dozi, subiri angalau wiki 4 ndipo urudie kipimo.

Siku ya kwenda beba daftari lako na maboksi ya dawa zote unazomeza, pamoja na za mitishamba. Muulize daktari ni kipimo gani hasa anachokiandika, dawa ipi imezwe kabla ya kula na ipi baada, na urudi lini kuthibitisha kwamba bakteria wameisha.